Put off, call off, push back au bring forward: siku ikibadilika uandike lipi?

Hapa Mombasa ratiba hubadilika kila leo. Meli imechelewa, ukumbi wa harusi umeingia maji, bosi wa Nairobi amekosa treni, masika yamekata barabara, na mtu lazima atume meseji, na mara nyingi meseji yenyewe yatakiwa iwe ya Kizungu manake klaenti ni mgeni au ofisi ndo inavotaka. Hapo ndo watu hukwama. Kuna vitenzi vinne vya kawaida kabisa, put off, call off, push back na bring forward, vyote vyahusu siku ya jambo kubadilika, lakini ukiandika kimoja mahali pa chengine mwenzio atafanya kitu tofauti na ulichotaka. Mmoja atakaa asubiri, mwengine ataghairi safari na kudai pesa zake, mwengine atakuja Ijumaa na jambo lilishafanyika Jumatatu.

Na si suala la kutosoma. Samuel Johnson, yule aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi wake kwamba vitenzi vya aina hii, kitenzi na kijineno nyuma yake, ndo vinavyowapa wageni tabu kuliko vyengine. Jina la phrasal verb lenyewe lilienea baadaye sana, baada ya Logan Pearsall Smith kulitumia mwaka 1925 na kusema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Yaani wenyewe waliishi navyo karne na karne kabla hawajakubaliana waviite nini. Kwa hivo wewe uliyepewa orodha ubaoni darasa la saba ukaambiwa kariri, wacha kujilaumu.

Mambo ya kuangalia kabla hujachagua

Mimi naona watu huchagua kwa sikio, lipi lasikika la kisomi zaidi. Si njia nzuri. Jiulize kwanza je, jambo bado lipo au limekufa? Kama lipo, siku mpya yajulikana? Halafu, na hili ndo kubwa kwangu, yule anayesoma meseji yako anatakiwa afanye nini akishasoma: angoje, aghairi, apange upya, au afanye haraka? Baada ya hapo angalia neno linabeba hisia gani, manake mengine yana harufu ya uvivu na mengine yana harufu ya mamlaka. Asili ya neno pia yasaidia, picha ya zamani hua bado imo ndani na ukishaiona huchanganyi tena. Mwisho ni sarufi, na maana nyengine za neno hilohilo zinazoweza kukuharibia sentensi.

Sarufi niimalize sasa hivi manake ni moja kwa vyote vinne. Ukitaja kitu kwa jina waweza kukiweka katikati au mwisho, put the meeting off au put off the meeting, zote sawa. Lakini ukitumia it au them lazima ikae katikati: put it off, call it off, push it back, bring it forward. Put off it hakuna, call off them hakuna.

PUT OFF

Jambo lipo, halijafa, ila si siku ile tena. Siku mpya yaweza kutajwa au isitajwe, put off haijali. Msomaji anatakiwa angoje.

Mfano tunao wenyewe. Agosti 2022, uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 9, na siku moja kabla tukaambiwa kura ya gavana wa Mombasa haitapigwa, na ya Kakamega vilevile, kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na picha na maelezo ya wagombea wasio wa kwetu. Ikapelekwa tarehe 23, halafu ikaondolewa hapo nako, mwisho tukapiga tarehe 29. Kwa Kizungu uchaguzi ule was put off, mara mbili. Haukuwa called off hata sekunde moja, manake kila mtu alijua gavana lazima achaguliwe, swali lilikuwa lini tu. Mtu aliyeandika siku ile kwamba uchaguzi wa Mombasa umekuwa called off alikuwa anawaambia wasomaji wake hakuna kura tena, na ni watu wangapi wangetoka nyumbani tarehe 29 kama wangeamini hivo?

Kwa asili, put kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa karibu zaidi na kusukuma au kudunga kuliko kuweka tu. Na off, hili wengi hawalijui, zamani lilikuwa neno moja na of, maana yake ni kuondoka, mbali na, hadi karne ya 17 ndo tahajia mbili zikatengana kabisa. Kwa hivo put off ni kukiondoa kitu kikae mbali nawe. Ndo maana kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 Musa anaambiwa put off thy shoes, vua viatu vyako. Maana ya kuahirisha nayo si ya juzi, ipo tangu karne ya 14.

Hisia yake sasa. Put off ikiwa na mtu binafsi husikika kama uvivu au kukwepa. She put off paying the rent, kila mtu ataelewa alikuwa na njia ya kulipa akawa asema kesho kesho. (Na ni paying, si to pay.) Ukisema he keeps putting me off, huyo anakuzungusha, kila ukienda ni njoo wiki ijayo. Halafu kuna maana ya tatu ya kuchukiza au kumvunja mtu moyo: ukiandika the smell put off the guests, harufu imewachukiza wageni, haijawaahirisha. Watu wa mahoteli hapa Nyali na Bamburi wawe makini, manake sentensi kama we put off the guests yaweza kusomeka kwamba tumewafukuza kwa tabia zetu.

Yamfaa nani: anayeongea au anayeandika kirafiki, siku mpya haijajulikana bado, na hamna haja ya kuficha kwamba kuna kuchelewa. Kwa barua rasmi ya kuomba radhi kwa klaenti mimi nisingeliweka, kwa sababu ya ile harufu ya uvivu.

CALL OFF

Hapa jambo limekufa. Msomaji anatakiwa aghairi, arudishe, aondoke. Mwaka 2020 corona ilipoingia mashindano mawili makubwa yalichukua njia mbili: Wimbledon ya mwaka ule, yale mashindano ya tenisi, was called off, haikuchezwa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu vita vya pili vya dunia, na Olimpiki ya Tokyo was put off, walitangaza tarehe 24 Machi 2020 na ikaja kufunguliwa tarehe 23 Julai 2021 ikiwa bado yaitwa Tokyo 2020. Ugonjwa mmoja, mwaka mmoja, vitenzi viwili.

Asili yake naipenda. Call limetoka kwa Wanorse, kalla, kuita kwa sauti, walilileta wale watu wa Skandinavia waliokuja kukaa kaskazini na mashariki ya Uingereza kuanzia karne ya 9. Ukiongeza off unapata kumwita kiumbe aondoke pale alipo, na aliyekuwa akiitwa hivo sana ni mbwa: mbwa ashamkaribia mtu au windo, mwenyewe anapaza sauti mbwa anaacha. Call off the dogs bado husemwa mpaka leo. Maana ya kufuta shughuli ilikuja baadaye ikaubeba ule mkao, mtu mwenye mamlaka anasimama anasema basi, na wote wanaacha walichokuwa wanafanya.

Ndo maana linakaa vizuri na mgomo. Madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 56 mwaka 2024, na tarehe 8 Mei mgomo ule was called off, chama kikawaita watu warudi kazini. Linakaa vizuri pia na msako baharini, the search was called off, na hilo kwetu watu wa pwani ni neno zito, likiandikwa familia imeelewa kila kitu.

Tahadhari moja kwa wapenzi wa mpira. Waingereza husema mechi has been called off hata kama itachezwa siku nyengine, kwa mfano uwanja umejaa maji. Hapo wanamaanisha mechi ya leo, leo hii, hamna. Kwa hivo ukisikia hivo kwenye redio usiitupe tiketi, ngoja usikie mbele.

Na harusi. Wallahi hapa ndo pa kuangalia sana. Kamati ya harusi ina grupu, nusu ya jamaa wako Uingereza na Kanada, watoto wao Kiswahili chawapiga chenga, kwa hivo matangazo yanawekwa kwa lugha mbili. Nikahi ilikuwa Alhamisi, bwana harusi amekwama Dubai, imebidi ngoja wiki ijayo. Katibu anaandika The nikah has been called off. Dakika mbili simu zinaanza.

"Mwanangu, kwani kumetokea nini? Wameachana kabla hawajaoana?"

"La, shangazi, ni tarehe tu."

"Tarehe? Mbona hapa pameandikwa imevunjika, na mie nshaanza kulia?"

Shangazi yuko sawa kabisa. Kwa Kiingereza harusi iliyo called off ni harusi iliyovunjika, hakuna maana nyengine, na watu wataanza kutafuta nani alimkosea nani. Kwa hali ile ilitakiwa put off, au vizuri zaidi, sentensi yenye tarehe mpya.

Yamfaa nani: mwenye uamuzi mkononi, jambo limefutiliwa mbali au mgomo umesitishwa, na wasomaji lazima waghairi mipango yao leo hii.

PUSH BACK

Jambo lipo na siku mpya mara nyingi yatajwa. Msomaji anatakiwa abadilishe kalenda, basi. Asili yake ni ya Kifaransa, pousser, ambalo nalo limetoka kwenye Kilatini pulsare, kupiga, ndugu yake ni pulse, yale mapigo ya moyo.

Mfano: 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, marudio yalipangwa tarehe 17 Oktoba, halafu yakasogezwa mpaka 26. The repeat election was pushed back to 26 October. Hapo put off pia lingeeleweka lakini push back ni safi zaidi, manake tarehe zote mbili zipo na hakuna anayelaumiwa. Vilevile CHAN tuliyoandaa na Tanzania na Uganda, yale mashindano ya mpira ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilikuwa ianze Februari 2025 ikachezwa Agosti, was pushed back to August, na hapo put off until August ni sawasawa pia.

Kilicho muhimu ni vile vijineno viwili, to na by. Pushed back to Friday, ni Ijumaa. Pushed back by two days, ni siku mbili baada ya ile ya mwanzo. Ukiandika pushed back by Friday msomaji hana pa kushika.

Maana nyengine: kupinga. The staff pushed back on the new hours, wafanyakazi wamegomea saa mpya. Na ndege inaposukumwa kinyumenyume kutoka kwenye jengo la abiria nako ni push back. Zote hizo hazina uhusiano na tarehe lakini muktadha hua wasaidia.

Yamfaa nani: mtu wa ofisi. Ni neno lisilo na hisia, halina lawama wala uvivu, na naona kwa imeli za kazi ndo linaloleta matatizo machache.

BRING FORWARD

Hili ndo lile linalofanya Mswahili aende siku siyo, na nataka nikae nalo kidogo.

Sisi tukisema mkutano umesogezwa mbele, twamaanisha umechelewa. Mbele kwetu ni siku zijazo, huko mbele, siku za mbele. Kwa hivo mtu anachukua mbele anaigeuza forward, anapata the meeting has been brought forward, na kwa Kiingereza amesema kinyume kabisa: mkutano umewahishwa. Ulikuwa Alhamisi sasa ni Jumanne. Na back nalo vilevile, kwetu kurudisha nyuma ni kuwahisha, kwao push back ni kuchelewesha.

Picha inayonisaidia mimi kuwaeleza watu ni foleni ya feri Likoni. Shughuli zote za mwezi zimepanga foleni kuingia kwenye feri, na feri ni leo. Iliyo mbele kabisa ya foleni ndo itaingia kwanza. Ukiitoa gari katikati ukaileta mbele, bring forward, itaingia mapema. Ukiisukuma nyuma ya foleni, push back, itachelewa. Mwingereza anaiangalia foleni, sisi twajiangalia wenyewe tukitembea kwenda mbele. Kila mtu yuko sawa kwa pale aliposimama.

Na hata wao si wote wanaelewana. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Matthew McGlone na Jennifer Harding, walitumia swali ambalo limekuwa maarufu: mkutano wa Jumatano has been moved forward two days, sasa ni siku gani? Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hugawanyika, wengine Jumatatu, wengine Ijumaa. Kwa hivo move forward usiliguse kabisa kwa tarehe. Bring forward lenyewe halina utata huo, ni kuwahisha.

Asili: bring na forward zote ni za Kiingereza cha kale, bringan na forweard, kuelekea upande wa mbele. Waliosoma komasi watalikumbuka pia kwenye vitabu vya hesabu, ile b/f juu ya ukurasa, brought forward, salio lililoletwa kutoka ukurasa uliopita. Na linatumika kwa kuleta hoja au ushahidi mbele ya watu, he brought forward a new witness. Wahindi wao walishaona pengo wakashika neno prepone, kinyume cha postpone, na kwa Kiingereza cha India ni neno la kawaida kabisa. Ukimwandikia klaenti wa Mumbai ataelewa, wa London huenda akauliza.

Bandarini hili ni pesa. Ajenti anaandikiwa the vessel's berthing has been brought forward to Tuesday. Akisoma kwa macho ya Kiswahili anadhani meli imechelewa, anawaambia wenye malori wapumzike mpaka wiki ijayo, kumbe meli itafunga gati siku mbili mapema, na lori likija kufika zile siku za bure za kuweka kontena zishaanza kuliwa. Bili ikija hakuna atakayesikiliza hadithi ya mbele na nyuma.

Yamfaa nani: anayetaka mwenzie afanye haraka. Tena usiliache peke yake, liandikie siku ya zamani na siku mpya.

Na cancel na postpone je?

Hayo ni ya Kilatini na ni rasmi. Postpone ni post na ponere, weka baadaye, kumbe ni put off iliyovaa suti. Cancel limetoka kwenye cancelli, vyuma vya kukingama kama vya dirisha, manake mwandishi alikuwa akifuta maandishi kwa kuchora mistari ya kukatana juu yake. Barua ya serikali, mkataba, notisi ya mahakama, tumia haya. Kwa mdomo na kwa WhatsApp yale ya juu ndo watu husema.

Uandike lipi kwa hali yako

Umepanga miting na klaenti wa nje na unataka kusogeza siku mbili baadaye: We've had to push the meeting back to Thursday. Hutakosea.

Huna siku mpya bado, na ni jamaa au marafiki: put off, na uongeze kwamba utawajulisha. Kama ni wakubwa wa kazi andika postponed.

Shughuli imeisha, pesa zirudishwe, watu watawanyike: called off, au cancelled kama kuna risiti na mkataba ndani yake. Kwa harusi usiliguse mpaka uwe na uhakika imevunjika kweli na wazazi wa pande zote mbili wamejua kabla ya grupu.

Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa Kiingereza, jifunze yote manne kwa pamoja, kwa tukio moja, mfano huo wa kura yetu ya 2022, utauona utofauti haraka kuliko kwenye orodha.

Na tangazo la maziko, ambapo mambo huwahishwa mara kwa mara, yalikuwa baada ya alasiri sasa ni baada ya adhuhuri na watoto wa marehemu wako njiani kutoka Malindi: hapo hata bring forward lisiachwe lisimame pekee, manake mtu aliye na majonzi hasomi mara mbili. Weka The burial will now be at 1 pm, not 4 pm, Kikowani cemetery, na chini yake kwa Kiswahili, maziko yatakuwa saa saba mchana, si saa kumi tena.